Nyumba ya Fundi kwa Siku Kumi na Nne

Halmashauri ya mji wetu inayo furaha kubwa kuutangazia umma kwamba maktaba yetu sasa ina historia. Mpaka mwezi uliopita haikuwa nayo. Ilikuwa na vitabu elfu mbili mia tatu na kumi, viti kumi na tisa, meza mbili na sinki moja, lakini historia haikuwemo kwenye orodha ya mali, na kwetu sisi kitu kisichokuwemo kwenye orodha ya mali hakipo. Aliyeiandika ni mimi. Cheo changu ni Afisa Kumbukumbu Mwandamizi, na namwomba msomaji akitamke chote bila kukifupisha, kwa sababu nimekipata kwa jasho la miaka thelathini na miwili. Au tuseme kwa herufi moja. Nitafika hapo.

Historia iliagizwa kwa ajili ya maadhimisho ya miaka thelathini ya maktaba. Kamati ya maandalizi ilikaa vikao vingi kujadili rangi ya riboni, na ilipokubaliana, maktaba ilikuwa imefikisha miaka thelathini na miwili. Hatukuona tatizo. Kwenye kadi za mwaliko tuliandika kwamba ni miaka thelathini pamoja na muda wa nyongeza.

Mkurugenzi aliniita ofisini kwake kunipa maelekezo. Ni mtu mwepesi wa kuamua na mzito wa kusoma.

"Afisa," alisema, "nataka historia fupi, yenye heshima. Mwanzo, halmashauri ilijenga. Katikati, halmashauri ikatunza. Mwisho, halmashauri inahamia."

"Inahamia wapi, mheshimiwa?"

"Humo humo maktabani. Tunaanzisha Ofisi ya Uratibu wa Usomaji. Usomaji wa mji huu hauna mratibu. Watu wanajisomea tu."

"Na vitabu?"

"Vitabu vimekaa mahali pa waratibu. Vitiwe kwenye maboksi mpaka utaratibu upatikane."

Niliandika yote hayo huku nimekanyaga pembe ya faili, maana upepo ulikuwa mkali. Ofisi yetu haikuwa na paa. Mkurugenzi alikuwa ameagiza ling'olewe wiki hiyo hiyo, akieleza kwamba ofisi yenye paa huwatia watumishi uvivu wa kuhama. Nilimpongeza kwa kuona mbali. Siku hiyo hata mimi nilikuwa naona mbali, mpaka kwenye mnara wa simu.

Tatizo langu lilikuwa nyumbani. Mkutubi wa maktaba hiyo ni mdogo wake mke wangu. Kazini namwita Afisa Mkutubi, nyumbani namwita shemeji, na tangu aliposikia habari za maboksi, yeye alikuwa haniiti kitu. Alikuwa akija kula anamwambia dada yake, "Mwambie mumeo asogeze chumvi." Nilisogeza chumvi. Mke wangu naye akanisogezea maneno.

"Mdogo wangu amekaa mle miaka kumi na minne," alisema. "Ukiandika hiyo historia yenu ya kumtoa, utakuwa unakula kwa huyo Mkurugenzi wako."

Nilimweleza kwamba afisa wa kumbukumbu hana upande. Akasema ndiyo maana hata kitanda natandika nusu.

Basi nikaingia kazini. Chanzo cha historia yote ya maktaba yetu ni sentensi moja, iliyopigwa chapa katika kumbukumbu za kikao cha zamani. Naiweka hapa kama ilivyo: *Kikao kimeazimia nyumba ya fundi kwa siku kumi na nne, kwa ajili ya vitabu.* Mtu wa kawaida angeisoma akapita. Mimi nilitoa humo kurasa kumi na moja. Kikao kimeazimia, maana yake halmashauri ilipitisha azimio. Nyumba ya fundi, maana yake palikuwa na msanifu mkubwa, ambaye nilianza kumwandika kwa herufi kubwa, Fundi, kwa kuwa mtu anayejenga maktaba nzima kwa siku kumi na nne hastahili herufi ndogo. Jina lake halikuhifadhiwa. Niliandika kwamba huenda aliukataa umaarufu.

Usanifu wa Fundi niliuchunguza kwa macho yangu, nikiwa na futi na daftari. Chumba cha nyuma kina dirisha lililowekwa chini sana, kimo cha mtu aliyeketi. Nililiita Dirisha la Unyenyekevu, kwamba asomaye ainame mbele ya elimu. Chini ya dirisha, kwenye sakafu ya saruji, kuna matundu manne madogo yaliyopangwa kama pembe za meza. Nilithibitisha kwamba ni mfumo wa kupitisha hewa ya chini. Kwenye ukingo wa dirisha kuna alama zilizochongwa kwa kisu, moja mpaka thelathini na sita. Hizo halmashauri ilizijua zamani. Tulikwisha kutunga sheria ndogo kwamba kitabu kinachozidi alama ya kumi na mbili hakiruhusiwi kuingia maktabani, na ndiyo maana mji wetu hauna atlasi. Mwisho kuna pini. Kwenye nyufa za sakafu hutoka pini, mpaka leo, na msomaji akivua viatu lazima zimchome. Niliandika kwamba Fundi alikusudia watu waje maktabani wamevaa viatu, kama wastaarabu.

Nilikuwa nainuka kutoka kwenye matundu ya hewa, ndipo msumari wa rafu ya kilimo uliponishika suruali nyuma. Ikachanika kutoka kiunoni mpaka karibu na goti. Shemeji yangu aliona, akageukia kabati la kadi, na mabega yake yakawa yanatikisika.

Ng'ambo ya barabara, kwenye kibaraza cha duka la marehemu kaka yake, anashona mama mmoja ambaye mji mzima unamwita Mama Fundi. Namfahamu tangu nilipoajiriwa. Nikipita huniuliza, "Mmeshamaliza?" nami humjibu, "Bado kidogo, mama." Siku zote nilidhani anaulizia barabara. Nilivuka nikitembea kinyumenyume, akanipa shuka ya kujifunga, akaichukua suruali na kuipeleka kwenye cherehani.

Kwa kuwa sikuwa na pa kwenda, nikamsomea historia. Mtu akishaandika kurasa kumi na moja hutafuta masikio popote. Nilimsomea kuhusu Fundi, nikamsomea Dirisha la Unyenyekevu, nikafika kwenye mfumo wa hewa ya chini. Cherehani ikasimama.

"Hayo matundu manne," alisema, "ni ya miguu ya cherehani hii. Ilikuwa inacheza, nikaitobolea sakafu."

Nilimwambia kwamba nadharia yake inavutia.

"Na hilo dirisha nililishusha mwenyewe nipate mwanga mkononi. Zile alama ni inchi zangu, siku zile sikuwa na futi ya kamba. Pini usiniulize, mwanangu. Kila fundi wa nguo anaangusha pini."

Nilitazama barabara. Nilitazama maktaba. Nilikuwa nimeketi kwenye kigoda, nimefungwa shuka yenye maua ya zambarau, na suruali yangu iko mikononi mwake. Kama ningekuwa na suruali, nakiri, ningeondoka.

"Ile nyumba ni yako, mama?"

"Nimeijenga kwa hii sindano. Wakaja watu wa halmashauri, wamepewa vitabu, hawana pa kuviweka na mvua ipo mlangoni. Wakaniambia, tuazime nyumba siku kumi na nne. Nilikuwa naenda kwa dada yangu, amejifungua, nikasema haya. Kurudi nakuta kibao mlangoni na mlinzi ananiuliza nina kadi."

"Kwa nini hukuandika barua?"

"Nimeandika. Kila mwaka. Na kila mwaka mnanijibu."

Akavuta mtoto wa meza ya cherehani na kutoa bunda la bahasha lililofungwa kwa uzi. Nilifungua ya kwanza, ya pili na ya kumi. Zote zilikuwa na sahihi yangu. Zote zilisema: *Nafasi za mafundi hazipo kwa sasa. Zikipatikana utajulishwa.* Nikakumbuka vizuri. Kila mwaka ilikuja barua fupi, *Naomba nirudishiwe nafasi yangu. Wenu, Fundi,* nami kila mwaka niliiweka kwenye faili la Mafundi, Maombi ya Ajira, na kuijibu siku hiyo hiyo. Nilikuwa najivunia kujibu siku hiyo hiyo. Wenzangu wengine hawajibu kabisa.

Niliona aibu. Sisemi aibu ya kiofisi, ile ya kusema tunasikitika kwa usumbufu. Niliona aibu ya kushindwa kuinua uso.

"Mmeshamaliza?" aliuliza, na safari hii nikajua anaulizia nini. Alikata uzi kwa meno, akanirudishia suruali.

Nilirudi ofisini, nikainua turubai lililofunika makabati, nikatafuta karatasi ambayo ile sentensi yangu ilichapwa kutoka kwayo. Niliipata ikiwa na umande. Ilikuwa na mwandiko wa katibu wa zamani, mzuri, wa wino wa buluu: *Kikao kimeazima nyumba ya fundi kwa siku kumi na nne, kwa ajili ya vitabu.* Kimeazima. Na katikati ya m na a, imebanwa kwa nguvu kama mtu anayeingia kwenye benchi lililojaa, palikuwa na i ya wino mwekundu. Mwandiko wa hiyo i ni wangu.

Ilikuwa siku yangu ya tatu kazini. Nilikuwa kijana wa getini niliyesaidia kupeleka karatasi kwa mpiga chapa, na njiani nikazisoma. Niliona kikao kimeazima, nikawaza, kikao hakiazimi, kikao huazimia, huyu katibu amepitiwa. Nikasahihisha. Mwenyekiti wa wakati huo aliposikia akasema, "Kijana huyu ana jicho," nikaondolewa getini nikapelekwa kwenye kumbukumbu. Nimepanda vyeo vinne kwa jicho hilo.

Nilikwenda na karatasi kwa shemeji yangu. Alikuwa anabandika upya mgongo wa kamusi. Aliisoma mara moja tu, yeye husoma haraka, akaweka kidole juu ya ile i.

"Shemeji," alisema, na ilikuwa mara ya kwanza kuniita hivyo baada ya wiki tatu, "hii uliiweka wewe?"

"Niliiweka mimi."

"Basi itoe."

"Nikiitoa, nyumba si ya halmashauri. Mkurugenzi hahamii. Lakini mama yule akitaka nyumba yake, anakutoa na wewe na vitabu vyako vyote."

Aliangalia rafu moja moja, kama mtu anayehesabu watoto kabla ya safari. Macho yake yalikuwa yameloa na hakuyaficha.

"Yake si yake?" alisema. "Nikitolewa na mwenye nyumba, nitabeba maboksi mwenyewe. Kutolewa na mratibu, hapana."

Niliandika historia upya usiku na mchana, maana ilibakia wiki moja. Zile kurasa kumi na moja zikawa moja. Ujasiri wa kumweleza Mkurugenzi ana kwa ana sikuwa nao, na sijidai kwamba nilikuwa nao. Nilifuata utaratibu. Nilimpelekea siku tatu kabla, kwa kuwa ndiyo ingekuwa hotuba yake, na juu nikaandika kwa herufi kubwa, KWA KUSOMWA KABLA YA SHEREHE. Iliporudi, chini yake palikuwa na maneno "Nimesoma," sahihi na mhuri.

Siku ya maadhimisho viti vilipangwa barabarani, kati ya maktaba na kibaraza cha Mama Fundi. Meza mpya ya Mkurugenzi, kubwa, yenye kioo, ilikuwa imekwisha kuingizwa chumba cha nyuma siku moja kabla. Wananchi walikuja wengi kuliko tulivyotegemea, kwa kuwa shemeji alikuwa amewaambia wasomaji wake kwamba itasomwa hadithi nzuri.

Lazima nieleze jinsi Mkurugenzi wetu anavyosoma hotuba. Anasoma mpaka kwenye nukta, anasimama, na watumishi tunapiga makofi. Tumezoea. Hata kwenye msiba alisoma "marehemu hakuacha wosia," tukapiga.

"Miaka thelathini na miwili iliyopita," alisoma, "kikao cha halmashauri kiliazima nyumba ya fundi kwa siku kumi na nne."

Tukapiga makofi.

"Fundi huyo ni Mama Fundi, anayeshona ng'ambo ya barabara hii."

Tukapiga.

"Siku kumi na nne zilikwisha, na halmashauri haikurudisha nyumba."

Hapo makofi yalikuwa makubwa zaidi, kwa sababu wananchi nao waliingia. Muuza viatu mmoja alisimama juu ya kiti. Mkurugenzi aliinua mkono kuwashukuru, akapandisha sauti.

"Mama huyo aliandika barua kila mwaka kuidai nyumba yake, akajibiwa kwamba hakuna nafasi. Aliyemjibu ni mimi, Afisa Kumbukumbu Mwandamizi."

Akasimama. Mkurugenzi wetu hajapata kusimamishwa na maana ya sentensi, lakini cheo chake anakijua, na hicho hakikuwa chake.

"Mimi nani?" aliuliza kwenye kipaza sauti.

"Mimi, mheshimiwa," nikajibu kutoka safu ya pili.

Aliangalia karatasi. Nadhani ndipo alipoanza kuisoma, kimya kimya, kutoka juu. Watu wakamsubiri. Alipofika chini alikuwa na jasho mdomoni.

"Ndugu wananchi," alisema, "hili ni kosa la uchapaji."

"Ni kweli," nilisema. "Ni herufi moja, na niliiongeza mimi. Karatasi hii hapa. Na hapo juu ya hotuba, mheshimiwa, umeandika kwamba umesoma."

Mama Fundi alikuwa amesimama kwenye kibaraza, futi ya kamba shingoni. Hakupaza sauti, lakini barabara nzima ilimsikia.

"Nashukuru, baba, umesema mbele za watu," alimwambia Mkurugenzi. "Sasa mmeshamaliza?"

Mkurugenzi akanitazama. Mimi nikamtazama mweka hazina. Mweka hazina akaitazama riboni.

"Tumemaliza, mama," nikasema.

Alivuka barabara taratibu, akapita katikati ya viti, akaingia. Tulimsikia anatembea ndani, chumba hadi chumba, na shemeji yangu nyuma yake ameshika funguo kwa mikono miwili. Alipotoka alikuwa anajifuta macho kwa upindo wa nguo aliyokuwa anaishona.

"Vitabu vikae vyumba vya mbele," alisema. "Hata mimi navisoma, kadi ninayo. Na huyu mkutubi abaki, ananitafutiaga vizuri. Mimi nataka chumba changu cha nyuma, chenye dirisha. Hiyo meza ya kioo iacheni, nitakatia vitambaa mpaka mtakapoijia."

Shemeji yangu akaketi kwenye ngazi za maktaba na kulia waziwazi, na mke wangu akaenda kumshika.

Mkurugenzi alikunja hotuba, akaitia mfukoni. "Basi," aliniambia, "tunarudi ofisini kwetu."

"Ofisi haina paa, mheshimiwa."

"Nani aliagiza ling'olewe?"

"Barua ninayo."

Wingu lilikuwa limekwisha kutanda. Matone ya kwanza yaliangukia kadi za mwaliko. Mama Fundi alimtazama Mkurugenzi alivyosimama katikati ya barabara, akamwonea huruma, nami nilishuhudia huruma hiyo na kuiingiza kwenye kumbukumbu. Akasema kibaraza chake sasa kiko wazi, na kama tutakitunza, tukae.

Kwa hiyo, ndugu wasomaji, halmashauri ya mji wenu iko kwenye kibaraza. Jumatatu tulitundika kibao, OFISI YA MKURUGENZI, SUBIRI UITWE. Hakikuwa na dakika kumi pale, akaja mama mmoja muuguzi, mbio mbio, sare yake mkononi. Hakukiangalia kibao. Alimwekea Mkurugenzi sketi mapajani.

"Pindo limefumuka," alisema. "Naitaka Alhamisi, fundi. Naingia zamu."

"Mama, mimi ni Mkurugenzi wa..."

"Alhamisi asubuhi," alisema yule mama, na alikuwa amekwisha kufika kwenye kona.

Mkurugenzi aliishika sketi kwa ncha za vidole. Alisema iundwe kamati ndogo. Nikamwambia wajumbe ndio sisi wawili. Alisema basi arudishiwe, lakini hatukumjua jina wala anakokaa, na Alhamisi ilikuwa inakuja tu. Mchana nilivuka kumwomba Mama Fundi sindano na uzi mweupe. Alinipa, na hakunipa ushauri. Kutunga uzi peke yake kulinichukua mpaka saa nane. Jumanne tulishona tukafumua. Jumatano Mkurugenzi alivua koti, akaushika upindo kwa mikono miwili ili usiteleze, nami nikashona, nikajichoma mara saba, na mara ya nane nikamchoma yeye.

Alhamisi yule muuguzi alifika. Aligeuza pindo ndani nje, akalivuta, akalipitisha mbele ya macho.

"Limekwenda upande kidogo," alisema. "Lakini mmetimiza siku. Asanteni."

Akaondoka. Mkurugenzi alibaki ameketi, mikono juu ya magoti, anaangalia alikopita.

"Miaka kumi na moja niko kazini," alisema, "na leo ndiyo mara ya kwanza mwananchi kuniambia hivyo."

Nilimwambia hata mimi, thelathini na miwili. Alichukua koti lake akalitundika kwenye msumari, kisha akaniuliza kama kuna mwingine kwenye foleni.